Profoma Ilisema "Menyu ya Msimu": Kisa cha Meza ya Watu 14 Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Dodoma mjini, katika mgahawa wa hadhi ya juu unaobadilisha menyu yake yote kila msimu. Nimezungumza na mwenye mgahawa, meneja, mpishi mkuu, mhudumu aliyekuwa zamu usiku ule, na mwenyeji wa meza yenyewe. Wameridhia kiandikwe ilimradi wasitambulike. Kwa hiyo majina hayapo, mtaa hautajwi, na bei zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nimewalenga wanaosomea hoteli na wanaoendesha migahawa, ila hata katibu wa chama anayetumwa kutafuta mahali pa chakula cha jioni ataokota jambo humu.

Usuli

Mgahawa wa kujigeuza si wazo la Dodoma. Mwaka 2011, mwezi Aprili, mpishi Grant Achatz na mshirika wake Nick Kokonas walifungua mgahawa wa Next mjini Chicago. Menyu yao ya kwanza ilikuwa Paris ya mwaka 1906. Baada ya miezi michache ikaondolewa yote, ikaja ya Thailand. Chumba kilekile, jiko lilelile, chakula kingine kabisa. Mgahawa wa Noma wa Copenhagen nao, tangu 2018, iliugawa mwaka vipande vitatu: vya baharini, mboga, kisha nyama za mwituni na mazao ya msituni.

Mwenye mgahawa wetu aliwahi kufanya kazi za hoteli nje ya nchi, akarudi na wazo hilo kichwani. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuyabeba majira ya Ulaya kuyapachika hapa. Dodoma ina mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na ikikatika imekatika. Akaunda menyu tatu. Ya Masika ina mboga mbichi, uyoga, mahindi mabichi, samaki wa bwawa la Mtera, na mbuzi wa kuchoma aliyemwagiwa mchuzi mzito wa zabibu nyekundu za mavuno ya Februari na Machi. Ya Zabibu huanza mwishoni mwa Agosti, mavuno ya pili yanapoingia kutoka Hombolo na Mpunguzi. Katikati yake ipo ya Kiangazi.

Hiyo ya Kiangazi ndiyo iliyozaa kisa. Mpishi mkuu aliijenga juu ya swali moja: watu wa nchi hii wanakula nini miezi saba bila tone la mvua? Akajibu kwa vitu vya ghalani: mlenda, ile mboga ya majani yenye utelezi, uliokaushwa wakati wa mvua na kutwangwa, uwele mpya, karanga, ubuyu, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, mafuta ya alizeti ya Singida, asali ya Itigi. Kwa maoni yangu ndiyo menyu yenye akili kuliko zote tatu. Na ndiyo ngumu kuuza kuliko zote.

Kuna kalenda nyingine ambayo haikuwekwa mezani wakati wa kupanga. Bunge hukaa mikutano minne kwa mwaka, na mrefu kuliko yote ni ule wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ila ni tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016 ndipo majuma ya Bunge yalipogeuka kuwa mavuno ya kila mwenye meza na sufuria. Vyumba hujaa, bajaji zinapandisha nauli, semina zinafuatana. Menyu ya Kiangazi ilikuwa inaanza katikati ya Mei. Yaani mgahawa ulikuwa unavua nguo na kuvaa nyingine sebule ikiwa imejaa wageni.

Mwenyeji na profoma yake

Mwenyeji wetu ni katibu wa chama cha kitaaluma. Mwezi Machi alipelekwa pale na rafiki, akala yule mbuzi wa zabibu, na kwa maneno yake mwenyewe alirudi nyumbani akaota. Mwishoni mwa Mei chama kilipohitaji kuwaandalia chakula cha jioni wajumbe wa mikoani, wabunge wawili, na mwenyekiti mwanzilishi ambaye ni mzee wa zaidi ya miaka sabini kutoka wilaya mojawapo ya Dodoma, hakutafuta mbali.

Aliomba profoma, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo, kwa WhatsApp. Ilikuja ndani ya saa moja, ina muhuri na nambari ya mlipakodi: "Chakula cha jioni, menyu ya msimu, watu 14 @ 85,000. Jumla 1,190,000, VAT imo." Mhazini akapitisha. Nusu, yaani shilingi 595,000, ikalipwa kwa lipa namba siku hiyohiyo.

Mabadiliko ya menyu yalikuwa yametangazwa Instagram, na kwenye ubao mdogo pale mlangoni. Katibu huyu hana Instagram, na kwenye huo mlango alikuwa hajapita tangu Machi.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumatano ya mwanzoni mwa Juni. Meza ilitandikwa barazani, jambo ambalo Machi ni raha tupu. Juni usiku Dodoma kuna baridi yenye upepo, na wajumbe wawili kutoka Pwani walikuja na mashati ya mikono mifupi. Dakika za kwanza ziliishia kwenye kuhamisha viti ndani. Si kosa kubwa, lakini watu walikaa wakiwa tayari wamenuna kidogo.

Kianzio cha kwanza, kinywaji kizito cha ubuyu na asali katika glasi ndogo, kilipita salama. Cha pili kilikuwa supu ya karanga, na mpishi mkuu alitoka mwenyewe kuieleza. Aliwasimulia mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza mwaka 1947: matrekta yalivyoletwa kwa mamia, ardhi ilivyokauka ikawa ngumu hata jembe lisipenye, mvua isivyofuata ratiba ya London, na jinsi mwaka 1951 mradi ulivyotupwa. "Karanga hizi zimelimwa hukohuko Kongwa," akamalizia, "na mama mmoja mwenye jembe la mkono." Wabunge wakacheka, mmoja akasema atalitumia hilo bungeni. Hadi hapo meza ilikuwa upande wa mgahawa.

Kikaja chakula kikuu. Sahani nyeusi bapa, pana kama ungo mdogo. Katikati kipande cha ugali wa uwele, ukubwa wa yai la kuku, kimefinyangwa kwa vijiko viwili. Kando yake mlenda umepakwa kwa mkupuo mmoja wa kijiko, ukanda wa nyama kavu umelazwa juu, na matone ya mafuta ya alizeti yamezunguka.

Yule mzee aliitazama sahani, akamtazama katibu.

"Mwanangu, huu nimeuacha nyumbani, bakuli zima. Umenileta huku nije nile kijiko?"

Meza ililipuka kwa kicheko, na hakikuwa kile cha supu. Mjumbe mmoja wa Pwani, ambaye hajawahi kukutana na utelezi wa mlenda, aliinua uma, ukafuatana na uzi mrefu hadi kifuani. Akaurudisha uma taratibu na kuisogeza sahani. Katibu, uso umemwiva, akamwita mhudumu.

"Dada, yule mbuzi wa zabibu yuko wapi?"

"Samahani sana bosi, menyu ilibadilika wiki mbili zilizopita."

"Mimi nimeambiwa na nani?"

Mhudumu hakuwa na jibu. Akaenda kumwita meneja.

Maamuzi, na kwa nini

Meneja alikuwa na njia chache. Ya kwanza ni kupika mbuzi. Mbuzi alikuwepo, ila mchuzi wa zabibu uliobaki ulikuwa kidogo na mpishi mkuu hakuuamini tena. Alikataa, na hapo alikuwa sahihi. Ya pili ni kupunguza bili papo hapo, jambo ambalo meneja aliliogopa kwa kuwa mwenye mgahawa hakuwa amempa mamlaka ya kiwango chochote. Akachagua ya tatu: kuku wawili wa kienyeji wa kuchoma na ugali wa kawaida wa mahindi, viwekwe katikati ya meza bila kuandikwa kwenye bili.

Mpishi mkuu alipinga kwa nguvu. "Leo ukiweka kuku mezani, kesho hakuna mtu atakayeugusa mlenda." Meneja akamjibu kwamba kesho itakuwepo tu kama leo watu hawa hawataondoka na njaa. Kuku wakawekwa motoni. Lakini kuku wa kienyeji si wa dakika kumi. Kulikuwa na karibu saa nzima ya kusubiri, na hakuna aliyekuwa amefikiria saa hiyo itajazwa na nini.

Aliyeijaza ni yule mhudumu, binti ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miezi michache kazini. Hakuomba ruhusa. Alimwendea yule mzee, akapiga goti kidogo, akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Mzee akaitikia akishangaa, wakaulizana kwao ni wapi, ikaonekana ni vijiji viwili vya jirani. Ndipo binti akauliza swali ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa chote: "Babu, huu mlenda wetu umekosa nini?"

Mzee hakusita. Umekosa magadi, akasema, ndiyo maana hauvutiki sawasawa, na karanga zimesagwa mno.

Binti akarudi jikoni na maoni hayo. Mpishi msaidizi, ambaye naye ni mwenyeji, alikuwa na chungu cha mlenda wa wafanyakazi, uliopikwa kwa magadi kama inavyotakiwa. Wakautoa uleule. Dakika kumi baadaye chungu kilikuwa katikati ya meza, ugali wa uwele mzima umepakuliwa kwenye sinia, na maji ya kunawa yanazungushwa. Mzee akakunja mikono ya shati. Akawaonyesha wabunge namna ya kumega tonge, kulibonyeza kwa kidole gumba, kuchota, kisha kuzungusha kiganja mara moja haraka ili uzi ukatike kabla haujafika kidevuni. Mbunge mmoja alishindwa mara tatu, tai ikapata sehemu yake. Yule mjumbe wa Pwani akajaribu, akafaulu mara ya kwanza, akapigiwa makofi.

Kuku walipofika watu walikuwa wameshiba. Zaidi ya nusu walifungwa kwenye foili wakaondoka nao.

Matokeo

Furaha ya mezani haikuifuta bili. Katibu alikataa kulipa nusu iliyobaki. Hoja yake ilikuwa ya kiofisi na haikuwa na ubishi: ana karatasi inayosema menyu ya msimu, msimu anaoujua ni ule aliokula, na kesho mhazini atamuuliza. Baada ya mvutano pale kaunta, meneja alipunguza asilimia 15 ya jumla, yaani shilingi 178,500. Katibu akalipa 416,500 zilizosalia, akachukua risiti ya mashine ya kodi (EFD), akaaga kwa heshima baridi.

Chama hakijarudi. Mmoja wa wale wabunge amerudi zaidi ya mara moja, kila mara na wageni wapya, na kila mara anaulizia chungu. Binti alipewa barua ya pongezi. Meneja alipewa karipio kwa punguzo. Tangu hapo profoma inaorodhesha vyakula kwa majina na inaandika tarehe menyu inapoanza na kuisha, na meza ya watu zaidi ya sita hupigiwa simu siku mbili kabla. Mlenda sasa una magadi.

Uchambuzi

Nianze na lile karatasi, kwa sababu wengi niliowasimulia hukimbilia kwenye mlenda. Next ya Chicago haikubadilisha chakula peke yake. Ilibadilisha pia namna ya kuuza. Mteja alinunua tiketi na kulipa kabla, na tiketi ilikuwa ya menyu fulani iliyotajwa jina. Aliyenunua Paris hakutegemea Thailand. Mgahawa wetu ulichukua nusu ya wazo, ile ya jikoni, ukaiacha ya kaunta. Katika mji wa semina na vikao kama Dodoma, profoma ndiyo menyu. Ndiyo inayosomwa, inayopitishwa, inayowekwa kwenye faili. Neno "msimu" kwa mpishi lilimaanisha mwezi huu. Kwa katibu lilimaanisha kile alichokila. Wala hapakuhitajika mfumo wowote wa kisasa kuzuia hili. Mstari mmoja wa ziada ungetosha.

Sasa mlenda. Maelezo mepesi ni kwamba watu hawawezi kulipa 85,000 kwa chakula cha nyumbani. Siyakubali, kwa sababu walewale walikula chungu kizima kwa bei ileile. Tuyasikilize maneno ya mzee kama malalamiko ya fundi: alisema kidogo mno, na halafu akasema hakina magadi. Mpishi mkuu alikuwa ameyapunguza magadi makusudi ili utelezi usiwatishe wageni. Matokeo yake, mwenyeji aliuona umepwaya na mgeni bado uzi ulimshangaza. Sahani ile ilipangwa kwa ajili ya mlaji wa tatu, anayekuja kusoma chakula kwa macho na udadisi. Yupo, ila wakati wa Bunge hajazi meza. Wanaojaza ni anayekijua chakula tangu utotoni, na huyo atakulinganisha na mama yake bila huruma, pamoja na asiyekijua kabisa, ambaye anahitaji mtu wa kumshika mkono. Chungu kiliwapa wote wawili kazi: mmoja afundishe, mwingine ajifunze.

Ndiyo maana supu ya karanga ilifaulu pale sahani ilipofeli, ingawa zote ni za mpishi mmoja. Supu ilikuja na mtu wa kuisemea.

Kuhusu yule binti nina wasiwasi kidogo na zile pongezi. Alichofanya kilikiuka utaratibu wa jiko, na kilifaulu kwa sababu aliijua lugha, alimjua mzee, na chungu cha wafanyakazi kilikuwepo. Zamu ile angekuwepo mwenzake kutoka mkoa mwingine, tungekuwa na kisa kingine. Wahudumu walikuwa wameonjeshwa menyu mpya mara moja tu, kijiko kijiko, siku ya kubadilisha. Barua ya pongezi haifundishi mtu mwingine swali la "umekosa nini". Mgahawa wa kujigeuza unawadai wahudumu wake kujifunza upya mara tatu kwa mwaka, na gharama hiyo haikuwa imewekwa kwenye bajeti.

Kuku ni uamuzi sahihi uliotekelezwa vibaya. Meneja aliona njaa, na aliona vema. Lakini kama ni kuokoa meza, unatoa kinachoiva upesi. Mishkaki ingekuwa tayari kabla lawama hazijapoa. Hofu ya mpishi nayo si ya kupuuza. Nimeona migahawa kadhaa hapa mjini ikianza na menyu ya heshima, ikaongeza kuku na chipsi "kwa wageni wagumu tu", na leo ni kuku na chipsi. Kwa sasa wameafikiana kwamba mbuzi mmoja wa kuchoma, bila zabibu, abaki mwaka mzima kwa vikundi vinavyomtaja wakati wa kuweka oda.

Lile punguzo la asilimia 15 halikumridhisha yeyote kwa kuwa halikuwa na jina. Lingeandikwa "chakula kikuu kimeondolewa kwenye bili", katibu angekuwa na cha kumwonyesha mhazini, na mwenye mgahawa angeelewa amepoteza nini hasa.

Lililobaki bila jibu ni kalenda. Mwenye mgahawa anataka Kiangazi ianze Julai, Bunge la bajeti likishaahirishwa, ili wateja wa Aprili hadi Juni wakute kile walichokizoea. Mpishi anasema mboga mbichi za Masika hazitafika Juni hata ukiziombea, na uwele mpya unaliwa ukiwa mpya. Meneja ana hesabu yake ya tatu: tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Ijumaa jioni mji unamiminika kuelekea Dar, kwa hiyo hata siku ya kubadilisha menyu, ambayo imekuwa Jumamosi, inakuta nusu ya viti ni vitupu. Amependekeza wabadilishe Jumatatu. Mpishi amekataa, kwa kuwa mlenda mzuri, anasema, anaununua mnadani Msalato, na mnada ni Jumamosi.